Mama Asikanyage Penye Maji

Tjilkarra, 4 Machi 1999

Dada Doreen,

Salamu kwanza, maana najua usipozikuta hapa juu hutasoma chini. Sisi tupo. Mvua ilikata barabara, na ndege ya barua ikatuzunguka juu, ikatuona, ikarudi zake, ndiyo sababu umekaa muda mrefu bila kusikia kelele zangu. Simu ya redio nayo imekufa tena. Binti yangu Maudie ameota meno na anamuuma kila anayemchezea. Mke wangu anasema jina la Mama tulilompa limeshamwingia, bado ulimi tu. Shangazi Topsy ni yuleyule, anaamrisha mbwa na watu kwa sauti moja. Yule Ronnie wa dukani kule Misheni sasa tunamwita Kunmanara, kama kila mtu ambaye jina lake limefungwa, kwa sababu mzee mwenye jina kama lake alituacha Krismasi, na jina la marehemu halitajwi mpaka wakubwa waliachie. Juzi mzungu mmoja akaingia akaita "Ronnie!" Duka zima likanyamaza, naye akabaki kushangaa na mkate mkononi.

Sasa sikiliza. Pampu ya kisima inakufa. Inakohoa, inatapika matope, inazima. Nilikwenda kuomba nyingine, na Bwana Gerard wa ofisi ya serikali akaniambia vijiji vidogo visivyo na shughuli ya kujitegemea havitatengenezewa kitu tena. Watu wahamie kijiji kikubwa cha Misheni. Nikamwambia shughuli tunayo. Akauliza ipi. Dada, mdomo uliniponyoka tu: "Wageni." Nikasema tutapokea wageni wachache, wakae nasi, waione nchi, waondoke bila kuacha hata kopo.

Tangu siku hiyo naandika mpango. Gari moja kwa safari, mabasi hapana. Choo upande wa chini, mbali na maji ya mwambani. Kule penye miiko ya wanawake hakuna kupiga picha. Miezi ya joto nchi ipumzike. Bwana Gerard ameupenda. Atakuja na kundi la kwanza mwezi wa Julai, aone kwa macho yake, ndipo aseme kama pampu ipo au haipo.

Kimebaki kitu kimoja, na hicho ni Mama. Unajua mgeni hagusi maji yale kabla hajatambulishwa. Nyoka wa maji akikosa kuijua harufu ya mtu humtia ugonjwa, na mimi sitaki kuugua kwa mgeni yeyote kuwe juu yangu. Maji ni ya baba yake Mama, na katika ukoo ule amebaki yeye. Mimi mtoto wa binti siwezi kutangulia mwenye maji kusema. Mlete Julai. Hiyo mashine ya kumsafisha damu huko mjini itamsubiri siku chache.

Ndugu yako,
Clifford

*

Alice Springs, 9 Aprili 1999

Bwana Mpango,

Nimecheka mpaka muuguzi amekuja kuangalia. Wewe, uliyeshindwa kumpangia hata mbwa wako mahali pa kulala, leo unawapangia Wazungu choo!

Huku tu wazima. Joto limepungua. Hosteli wamepaka rangi ya kijani, Mama anasema inamfanya ajione yumo ndani ya tumbo la chura. Wiki iliyopita binamu yetu Desmond alituletea mkia wa kangaruu, tukauchoma uani kwa siri, moshi ukatusaliti. Mama akamwambia msimamizi, "Mwanangu, kaa ule, ndipo unikaripie." Akakaa, akala. Siku za mashine tunakwenda asubuhi, tunarudi mchana, tunalala. Ndiyo maisha yenyewe.

Kuhusu Julai, mdogo wangu, mashine haipakiwi kwenye Toyota. Kwa nini usiwatambulishe wewe? U mtu mzima na ndevu zako. Mama ni mzima, ila safari ni ndefu. Tuache hapo.

Mwambie Maudie aendelee kuuma.

Doreen

*

Tjilkarra, 6 Mei 1999

Dada,

Barua yako imefika, nimeisoma mara nyingi nikitafuta Mama yuko wapi humo ndani. Umeandika rangi ya ukuta, umeandika mkia wa kangaruu. Hujaandika anakula kiasi gani, hujaandika kama anatembea.

Watoto wazima isipokuwa matumbo. Maji ya pampu yana chumvi sasa, chai inaganda maziwa, na Maudie ameharisha. Familia mbili zimeshahamia Misheni. Walipakia magodoro bila kutuaga vizuri, kwa aibu. Tuliobaki tumejenga kivuli kikubwa cha matawi na tumechimba choo. Tumetengeneza njia ya kupita juu ya mawe ili miguu ya wageni isiharibu mimea. Shangazi Topsy amejifundisha kuoka mkate wa majivuni usioungua, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe. Watu wanacheka tena jioni. Sijui kama unaelewa maana ya hilo. Mwaka mzima hapa palikuwa kama pamefiwa.

Kitanda cha Mama nimekiweka chini ya kivuli, kando ya maji kabisa, ayaone akifumbua macho. Wageni wakifika watamkuta pale.

Umesema niwatambulishe mimi. Dada, usinifanyie mzaha na jambo hilo. Nikisimama pale niite wazee wa maji waliokufa, mwenyewe akiwa hai na amekaa mjini, watanijibu nini?

Nadhani unamficha Mama. Nadhani umeuzoea huo mji na taa zake, na hutaki kubaki huko peke yako. Kama ninakukosea, niambie.

Clifford

*

Alice Springs, 28 Mei 1999

Clifford,

Salamu nimezipokea. Wape watoto maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi kidogo, usisubiri sista wa kliniki.

Unanikosea. Nimekaa na barua yako kwa siku kadhaa ili nisikujibu kwa hasira, na hasira bado ipo.

Mama hawezi kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kushikwa. Daktari ameniita, ameniambia mashine haimsaidii tena kama zamani, moyo umechoka. Mama naye amesikia. Hakulia. Alisema, "Basi nipelekeni nyumbani." Haendi nyumbani kuwatambulisha wageni wako, Clifford. Anakwenda kufa. Akiacha mashine ana siku chache, labda wiki mbili, hakuna anayejua.

Sasa wewe uliyepanga kila kitu, niambie hili umelipanga wapi. Baba alipotuacha pale Kambi ya Zamani, si tulihama siku ileile? Tulifagia nyayo zake zote kwa matawi, tukaacha nyumba na milango wazi, na maji yale hatukuyanywa mpaka wewe ukaota ndevu. Mtu anapofia watu hawakai. Mtoto mdogo anajua hivyo. Wewe umemwekea Mama kitanda kando ya maji ya Tjilkarra, palepale wageni watakapokaa!

Akifia hapo, Tjilkarra imefungwa. Bwana Gerard atakuta vivuli vitupu, ataandika hakuna watu, na pampu hamtaiona milele. Nikimzuia huku, atafia chumbani penye rangi ya kijani, feni inazunguka, na mtu asiyemjua atamfunika uso. Nimelizungusha kichwani mpaka nimechoka. Nilikuwa nakuficha hili, ni kweli. Nilitaka angalau mmoja wetu awe na furaha kidogo.

Sasa unajua. Sema wewe.

Doreen

*

Tjilkarra, 3 Juni 1999

Dada Doreen,

Watoto hawajambo. Shangazi anasalimu.

Rubani ananisubiri, naandika juu ya bawa la ndege. Mzuie huko mpaka Julai ipite. Mwambie barabara mbaya, mwambie gari halina magurudumu, mwambie chochote. Akae kwenye mashine mpaka Bwana Gerard atie saini, kisha nitakuja kumchukua mwenyewe, namwapia. Hapa kuna watoto, Dada. Tukihamia Misheni hawa watakulia kwenye pombe na ngumi, unawajua wa kule. Mama mmoja na watoto wote hawa, wewe ungechagua nini?

Usimsomee barua hii.

Clifford

*

Alice Springs, 15 Juni 1999

Mdogo wangu,

Nimemsomea. Aliona bahasha, akasema, "Hiyo ni ya mwanangu, fungua," na mimi sijawahi kujua kumdanganya yule mama. Nilisoma yote mpaka pale uliposema nisimsomee.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, Clifford, kile kicheko chake cha puani. Akasema, "Ameuweka vizuri mpango wake. Amewachagulia Wazungu mahali pa kunya. Mama yake hakumchagulia mahali pa kufia." Nikaanza kulia, akanipiga kibao cha mkono. "Acha. Ana haki. Watoto wanywe maji."

Kisha akaniagiza nikuandikie hivi, neno kwa neno. Haingii Tjilkarra. Umjengee kikingio cha upepo mashariki, ng'ambo ya vilima viwili vya mchanga, penye ule mti mkubwa wa jangwani ambako mama yake alimzalia. Desmond amlete kwa njia ya nyuma, gari lisipite kijijini. Yeye mwenyewe asile ndani ya nyumba yoyote, asilale kwenye kivuli chako, na mguu wake usikanyage penye maji. Akifia kule, mtafunga kule tu. Watu wahame kwa siku za msiba, kisha warudi kwao. Ameshamuuliza mzee Tjapangati, ambaye naye yuko hapa kwenye mashine, akasema ni sawa, ilimradi nyayo zake zisiwepo penye maji.

Nikamuuliza, "Mama, kutoka kule maji utayaona?" Akasema, "Hapana." Akageukia ukuta.

Kuhusu wageni anasema uwatambulishe wewe, atakufundisha kwa siku zitakazobaki.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kwenye mashine. Desmond anatoka naye kesho alfajiri na barua hii. Mimi siji. Usiniulize kwa nini, nina mambo hapa. Mfunike miguu, inapata baridi upesi.

Doreen

*

Misheni, 22 Julai 1999

Dada,

Watoto wote wazima. Kunmanara wangu mdogo ameanza kutembea. Anatembea akijishika kwenye mbwa, mbwa akikaa naye anakaa. Mimi mwenyewe humwita jina la zamani nikijisahau, mke wangu hunikata jicho.

Kwa hiyo umeshaelewa. Najua Desmond alikuletea habari tuliyompigia simu kutoka Misheni. Lakini hakuwepo, yeye alirudi mjini siku ya pili baada ya kumleta, na yaliyotokea nimeyaona mimi peke yangu. Ulipaswa kuwepo. Nina uchungu nawe mpaka sasa kwa kutokuja, nalisema lilivyo.

Nilimjengea kikingio pale alipotaka. Nilikaa naye kila siku, akinifundisha maneno ya kuita, akinicheka ninavyoyatamka. Nilikuwa namchotea maji kwa kopo la kuchemshia chai. Alikuwa akiyanusa, anakunywa kidogo, anasema, "Ni yenyewe." Hakuomba kitu kingine. Siku ya tano au ya sita akaanza kuchanganyikiwa, akawa ananiita kwa jina la kaka yake, akiuliza kama maji yamejaa. Nilijibu yamejaa. Aliuliza tena na tena.

Nilishindwa, Dada. Nikafikiri, nyayo ndizo zinazofunga. Basi nikimbeba mgongoni, mguu wake usiguse ardhi, nitakuwa nimevunja nini? Asubuhi watu wote walikuwa wamekwenda kuwinda na Shangazi. Nikamfunga mgongoni kwa blanketi kama wanavyobebwa watoto. Uzito hakuwa nao. Nikavuka vilima vile nikilia na kujiambia kwamba nimekuwa mjanja.

Tulipofika majini akili zilimrudia. Aliyaona maji, nikasikia pumzi yake shingoni. Halafu akasema, "Nishushe."

Nikamwambia, "Mama, hatuwezi. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema nikiwa mjini. Nishushe."

"Mama, wageni. Pampu. Mjukuu wako."

Akasema, "Miaka yote hii miguu yangu inakanyaga zulia la watu. Mwanangu, nishushe."

Nilimshusha. Ningefanya nini? Alisimama kwenye matope ya ukingo, mimi nimemshika kiunoni, miguu ikazama mpaka kwenye vifundo. Akachota mchanga, akaupaka jasho la kwapa langu, akaurusha majini, akaita. Dada, ile sauti sijui aliitoa wapi. Akawaambia wazee: huyu ni wangu, na kuna watu wanakuja nyuma yake, hawana adabu lakini si wabaya, msiwaumize. Kisha akageuka akaniuliza, "Wangapi?" Nikacheka na kulia pamoja. Nikambeba tena tukarudi. Alituacha kesho yake jua likiwa juu, kichwa chake kikiwa kwenye paja la Shangazi.

Baadaye nilikwenda na tawi. Nyayo zilikuwa pale, mbili, zimekaza kwenye matope, kidole kile kilichopinda kinaonekana. Huku kila mtu anajua mguu wa kila mtu. Ningefagia peke yangu pasipo mtu kuona, ningesema hakufika, na leo tungekuwa na wageni. Nilishika tawi nikasimama. Sikuweza. Nilipogeuka Shangazi Topsy alikuwa nyuma yangu na ndoo. Aliziangalia. Hakunitukana hata neno moja, na unamjua. Akaniondolea tawi mkononi, akaanza kufagia yeye, akiomboleza kwa sauti, na watu wakasikia wakaja. Kabla ya jioni magodoro yalikuwa juu ya magari.

Wageni walipokuja niliwasubiri njiani peke yangu nikawazuia. Bwana Gerard akauliza tutafungua lini. Nikasema wakubwa watasema. Akauliza, mwezi? mwaka? Nikasema sijui. Alikuwa mpole, nusura anishike bega. Lakini ameandika kwamba kijiji hakina watu, na kweli hakikuwa na watu. Pampu wamekuja kuing'oa jana.

Mimi ndiye niliyeifunga Tjilkarra. Tunalala kumi na zaidi kwenye nyumba ya shemeji. Usiku huu wamepigana nje tena. Niambie la kufanya, kwa sababu mimi nimeishiwa.

Clifford

*

Alice Springs, 5 Agosti 1999

Mdogo wangu Clifford,

Busu kwa Kunmanara mdogo, na kwa mbwa wake. Nimekata nywele zote, kichwa kinapata baridi. Wanawake wa hosteli walikuja tukaomboleza pamoja uani, na safari hii msimamizi hakutukaripia.

Umeuliza kwa nini sikuja. Clifford, niliandika "tunakwenda asubuhi, tunarudi mchana," ukadhani nasindikiza mgonjwa. Kiti cha mashine kilichokuwa karibu na cha Mama ni changu. Tangu mwaka jana. Kwenye kile chake sasa amekaa mzee mmoja anayekoroma. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na furaha, na kwa sababu Mama mmoja alikutosha kumpanga. Ningekuja siku zile ningekosa mashine, mngekuwa mnafagia nyayo za wawili.

Sikulaumu kwa kumshusha. Nilisoma pale nikasimama katikati ya chumba nikasema "Ndiyo!" peke yangu kama mwendawazimu. Halafu nikakaa chini nikaogopa. Kwa sababu nilikuwa nimejiwekea Tjilkarra moyoni, Clifford. Kila wakinichoma sindano nilikuwa nasema, mwishoni nitakwenda pale. Sasa hapana watu, hapana pampu, na sijui hii mashine itanivumilia mpaka lini. Sina la kukufariji.

Ila nenda tena kwa Bwana Gerard. Mwambie hujaja kuomba msamaha. Mwambie pale hapakukosa watu, palifungwa, na palipofungwa hufunguliwa. Mzee Tjapangati anasema atatuma neno kwa wakubwa kule Misheni wasiache muda uwe mrefu kama ule wa Baba, ikiwa mwenyewe atakuwa hai bado. Andika mpango upya. Lakini safari hii usianze na choo cha wageni. Anza na sisi tutakaokuja kufa. Weka mahali petu ng'ambo ya vilima, na njia yake, na kikingio, na siku ambazo wageni hawatakuja kwa sababu tuna msiba. Aone kwenye karatasi kwamba watu hufa huku kama kwao.

Nami nichagulie mahali. Penye kivuli, mashariki, mbali na maji kama inavyotakiwa. Uchague vizuri, halafu usinijaribu. Siku hiyo usije na blanketi lako. Ukinibeba, na mimi nitakwambia unishushe.

Dada yako,
Doreen